Mafuta ya Kupikia Kwenye Jeki

Mwanamke hapandi helikopta kwenda kufanya kazi ya vyuma, walisema pale Lodwar, na mimi nikapanda. Kwani nani mwingine angeenda? Ile injini ilikuwa yangu. Sikuinunua, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiiwasha, nikiisikiliza na kuifuta vumbi. Ilikuwa injini ndogo ya dizeli, imefungwa na pampu yake kwenye fremu ya chuma. Pampu ilisukuma mafuta kwa nguvu kupitia mpira mnene, mafuta yakainua jeki, na jeki ikang'oa mabomba ya visima yaliyoshikwa na ardhi. Wanaume wa kazini walinitania kwamba hakuna atakayenioa na harufu ile ya dizeli. Nikawajibu waende wakaoe manukato.

Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa katika miaka ya tisini. Mito ya mchanga ilijaa, barabara ya Kakuma ikakatika, hakuna lori lililopita. Kisima kikubwa cha kambi ya wakimbizi ya Kakuma kikaziba. Mchanga uliibana pampu ya maji huko chini kabisa. Msiniulize watu wanakosaje maji wakati wa mafuriko. Maji ya mafuriko yalikuwa tope na mizoga, na watoto walikuwa wameshaanza kuharisha. Basi injini yangu ikafungwa kamba, ikaning'inia chini ya helikopta, nami nikakaa ndani nyuma ya bosi wetu nikiichungulia, roho mkononi.

Tulipofika, upepo ukaiyumbisha. Fremu ikagonga mwamba kabla ya kutua, mpira ukapasuka, mafuta yote yakanywewa na mchanga. Nilishuka nikipiga kelele. Mpira wa akiba nilikuwa nao, lakini mafuta ya akiba yalibaki Lodwar kwa sababu rubani alikataa uzito zaidi.

Helikopta ikaondoka kwenda shughuli nyingine. Bosi akasema tungoje, mafuta yataletwa ikipatikana nafasi, pengine wiki ijayo.

"Wiki ijayo hao watoto watakuwa wapi?" nikamuuliza.

"Wewe dada, usinipandishie sauti."

Nikaipandisha. Kando ya kisima wanawake walikuwa wamekaa na madebe matupu, wakimbizi upande huu, Waturkana wenzangu upande ule, wakitazamana vibaya kama kawaida yao. Biashara lakini haikufa. Waturkana walileta kuni, wakimbizi wakalipa kwa mafuta ya kupikia ya mgao. Nikayaona kwenye makopo miguuni pao, ya manjano, safi kabisa. Mafuta ni mafuta, nikajiambia. Jeki haina ulimi.

Bosi alipoelewa ninachotaka akashika kichwa. "Yatakula raba zote za pampu. Utaiua mashine, na ukiiua, huna kazi."

Alisema kweli, na nilijua. Lakini nikae nimelinda chuma, watoto wakizikwa? Ng'o! Nikaenda kwa wanawake.

"Ejok, mama," nikamsalimu Mturkana mmoja wa umri wa mama yangu, aliyekumbatia kopo lake.

"Ejok. Unataka nini?"

"Mafuta yako. Niyamimine kwenye mashine tupate maji."

"Mwanangu, una wazimu? Nimebeba kuni mgongoni kwa ajili ya haya. Watoto wangu wale nini?"

"Na wanywe nini, mama?"

Akanikazia macho. "Na maji yasipotoka?"

"Unipige na hilo kopo mbele ya watu wote."

Mama Msudani aliyempa mafuta yale akaangua kicheko. "Chukua na langu," akasema. "Maji yasipotoka, tutampiga sote wawili." Yule mama Mturkana akacheka pia, akaniachia kopo. Sikuwa nimewahi kuona wanawake wa pande hizo mbili wakikubaliana.

Nikafunga mpira wa akiba, nikayachuja mafuta kwa leso yangu, nikajaza tangi la jeki, nikawasha. Injini ikakohoa, mpira ukatetemeka, na jeki, haki ya Mungu, ikaanza kupanda. Harufu ya maandazi ikatanda kisimani, watu wakacheka na njaa zao. Bomba la kwanza likalia, likatoka, yakafuata mengine. Kabla ya la mwisho mafuta yalikuwa yakivuja kila mahali na mashine ikipiga mayowe. "Bado!" nikaifokea. "Usife bado!" Ikavuta mara moja zaidi, bomba likatoka na pampu ya maji, kisha mashine ikakwama, ikafa.

Pampu ya maji tukaisafisha, tukaishusha tena na mabomba yake kwa kamba, wanawake wa pande zote wakiishikilia nasi. Jenereta ya kisima ilipowashwa, maji yalitoka ya tope kwanza, halafu meupe. Watu wakayapigania kwa vigelegele, na mimi nikalia, sioni haya kusema.

Helikopta iliporudi kuchukua mashine, bosi alinifuata katikati ya msongamano wa wachota maji.

"Huna kazi," akasema. "Na kwenye helikopta huna kiti."

"Beba chuma chako uende," nikamwambia.

Alikuwa bado anasema kitu, lakini sikukisikia, maana yule mama Mturkana alikuwa ananimwagia debe zima la maji kichwani.