Kitabu Alichokivuta Babu

Harufu ya tumbaku kali ya kienyeji, ile inayowakohoza wenzangu na kuwafanya wafungue madirisha, mimi hunitia hamu ya kusoma. Sitanii. Juzi fundi aliyekuja kuezeka banda la kuku aliwasha msokoto wake uani, nikajikuta nimeacha mchele niliokuwa nachambua na kwenda kutafuta miwani. Mwanangu akauliza, "Mama, vipi tena?" Nikamwambia ni mambo ya babu yangu, we acha tu.

Nyumbani kwetu kulikuwa kwenye vilima vya juu ya Iyunga, na Juni ikifika baridi ilikuwa inauma mpaka meno. Babu, mzaa baba, alilima viazi na maharage, lakini ujana wake ulipita Makongolosi kwenye dhahabu. Alikwenda huko na mdogo wake, akarudi peke yake. Alirudi na Kiswahili cha machimboni na tabia ya kuvuta tumbaku iliyosokotwa kwenye karatasi. Kiko, alisema, ni cha wazee. Na yeye mwenyewe alikuwa mzee! Bibi alimcheka kila siku.

Karatasi kwetu miaka ile ya hamsini zilikuwa adimu. Nilikuwa darasa la pili Babu aliporudi kutoka mjini Mbeya na kitabu kisicho na jalada, alichopewa na mwenye duka mmoja. Alizipima karatasi zake kwa vidole, akaridhika: nyepesi, zinawaka vizuri. Shuleni tulikuwa tunasoma watano kwenye kitabu kimoja, na mimi nilikaa pembeni ambako nusu ya maneno ilifichwa na kiwiko cha mwenzangu. Sasa kitabu kizima kiko ndani ya nyumba yetu! Nikakichukua, nikakaa karibu na moto, nikaanza kusoma kwa sauti, kidole kwenye mstari: mto ulikuwa umejaa siku Zena alipoondoka kwao kwenda kumtafuta kaka yake.

Kabla sijamaliza ukurasa wa pili, mkono wa Babu ukapita juu ya bega langu. Chwaa! Akachana karatasi ya nyuma kabisa, akaweka tumbaku, akasokota, akalamba, akawasha.

Hapo nikaelewa shida yangu. Babu hakujua kusoma, na kitabu kwake kilianzia pale mkono ulipofika kwanza, yaani nyuma. Mimi nilitoka mbele, polepole, kwa sababu maneno marefu yalinishinda. Yeye alikuwa anakuja kutoka nyuma, na hakuwa na neno la kumchelewesha. Nililia. Mama akasema karatasi ni za mwenyewe, na tena nimetumwa kuni, kuni ziko wapi?

Nikabadili mbinu. Jioni tukiota moto nilimsimulia, kwa Kisafwa chetu, yale niliyosoma, nikitumaini atakionea kitabu huruma. Nilimsimulia jinsi Zena alivyovushwa mto na wachunga ng'ombe, alivyolala kwenye ghala la mtama, na alivyouliza kila kijiji kama wamemwona kijana mwenye kovu shavuni. Babu alivuta huku akisikiliza. Nikinyamaza, alisema, "Halafu, mke wangu?" Ndivyo babu zetu wanavyowaita wajukuu wa kike. Bibi akadakia, "Mke mwenzangu, usimwambie. Anavuta kitabu chako, na hadithi anaitaka vilevile!"

Siku moja Babu alishika karatasi ya kuchana, akaitazama, akaiachia. Akatoka kwenda kwa jirani kuomba kiko. Nilifurahi mno, nikasoma kwa haraka mpaka Zena akafika kwenye mji alikoonekana kaka yake, akabisha mlango wa nyumba ya mwisho, mlango ukafunguliwa. Na karatasi zikaishia hapo.

"Halafu?" akauliza Babu.

"Basi, Babu. Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Umevuta."

Jamani, sijawahi kumwona mtu mzima ameduwaa vile. Aliitazama mikono yake. Kisha akakasirika, tena akanikasirikia mimi. "Wewe si unasoma? Si ndiyo kazi mnayofundishwa huko? Sema basi. Alimpata au hakumpata?"

Kwa woga nikasema alimpata. Akauliza kama amekonda. Nikasema kidogo. Akauliza kama walirudi kwao pamoja. Nikasema ndiyo, na mama yao akawapikia kande. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala bila kuaga.

Mimi sikuridhika. Kaka niliyempata nilimtunga mwenyewe. Wa kitabuni je? Nadhani njaa ile ndiyo iliyonifanya msomaji. Nilisoma kila kilichopita mbele yangu, magazeti ya kufungia chumvi, hata maandishi ya kwenye magunia, nikimtafuta Zena. Miaka ikapita, nikachaguliwa kwenda shule ya bweni Iringa. Huko, kwenye kabati la darasa, nikafungua kitabu chenye jalada la kijani na kukuta mto umejaa. Nilikaa palepale sakafuni, nikasoma mpaka kengele ya chakula. Mwisho wake ulinichoma: aliyefungua mlango alikuwa mgeni. Kaka alikwisha kufa. Zena alionyeshwa kaburi, akarudi kwao peke yake.

Mwalimu aliona nisivyotaka kukirudisha, na mwisho wa mwaka akanipa kiwe changu. Nikapanda nacho basi kwenda Mbeya, nikiwa na furaha ya kijinga ya mtu anayejua jibu. Babu alikuwa amechoka sana, macho yamepungua. Nikamwambia, "Babu, nimempata Zena." Akaketi vizuri kwenye kigoda. Nikamsomea zile karatasi za mwisho, wala sikupunguza neno.

Alinyoosha mkono, nikampa kitabu. Akapapasa mpaka nyuma, akazichana karatasi zile zote taratibu. Kiko chake kilikuwa pembeni, hakukigusa. Moja akaisokotea tumbaku, nyingine akazitia mfukoni. Akavuta mpaka moto ukamfikia vidoleni.

"Sasa soma tena," akasema.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nikaenda jikoni kumshtaki kwa mama, karibu nilie. Mama alikuwa anamenya viazi, hakuinua uso. "Unajua mdogo wake babu yako alibaki wapi? Shimo lilimfunika kule Makongolosi. Babu yako alifukua kwa mikono yake. Hakumpata."

Miaka yote ile nilidhani Babu ananiuliza habari za kitabu.

Nikarudi uani, nikafungua kitabu pale kilipoishia. Mlango ukafunguliwa, nikasoma, na nikaendelea kusoma mahali pasipo na karatasi, mpaka kwenye kande.

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, lakini kile cha kijani bado ninacho. Wajukuu zangu wakisoma mpaka pale mlango unapofunguliwa wanalalamika kimechanwa. "Bibi, halafu? Alimpata?"

"Alimpata," nawaambia. "Alikuwa amekonda kidogo."