Kazi Yangu ya Kegonga

Shirika letu lilikuwa dogo, vyumba vitatu vya kupanga mjini Homa Bay. Tuliwapa mbuzi wa maziwa akina nyanya wanaolea wajukuu yatima, tukawafundisha kuwatunza. Mimi ni Mkuria, kwa hivyo vikundi vya Kegonga, kwetu Ukuria, vilikuwa vyangu. Mwenzangu, mwanamke Mjaluo wa Rusinga, alishughulikia vya upande wa ziwa. Nilipofika Homa Bay bila mwenyeji ni yeye aliyenipokea chumbani kwake, tukapikia sufuria moja hadi nilipopata pangu. Pale ofisini ni yeye peke yake niliyemwambia kwamba mwanangu, niliyemwacha kwa mama yangu, ana kifafa.

Wafadhili walipokata sehemu ya msaada, mkurugenzi alitangaza kwamba afisa wa nyanjani atabaki mmoja. Alikuwa mwanamke mcheshi, mkutano wake hauanzi bila sala. Angeweza kutuita ofisini mmoja mmoja. Badala yake alitukalisha mbele ya wafanyakazi wote, mlinzi na mpishi wakiwemo, akasema shirika lake halifichi kitu.

"Nyinyi mnajuana kuliko ninavyowajua," alisema. "Kila mmoja atuambie kwa nini mwenzake ndiye aende."

Mhasibu alicheka, akidhani ni mzaha. Mkurugenzi alimtazama hadi akanyamaza.

Mwenzangu alianza. Alinisifu kwanza, kwamba nina bidii na akina mama wananipenda. Kisha akashusha sauti, akaeleza habari za mwanangu: anavyoanguka, mama yangu anavyonipigia simu, na zile ruhusa nilizoomba nikisingizia jino. Alisema hasemi kwa ubaya, ila mama mwenye mzigo kama ule mahali pake ni nyumbani. Mpishi aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vya mwenzangu. Vilikuwa vyangu, alikuwa ameviazima.

Ikafika zamu yangu. Yake niliyajua pia, na yalikuwa mazito kuliko maradhi ya mtoto. Nilifungua kinywa niyataje, nikayaacha.

"Mtoto wangu ni mgonjwa," nilisema. "Ni kweli."

"Basi umeturahisishia," mkurugenzi alisema. Akatuamuru tukumbatiane, na watu wakapiga makofi.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini mwenzangu hakujua hata salamu ya Kikuria, kwa hivyo niliambiwa nimpeleke Kegonga nikamkabidhi vikundi, nimtafsirie pia. Mkurugenzi alisema barua yangu ya mapendekezo ataitia sahihi tukirudi. Nilihitaji barua ile, na yeye alijua.

Tuliwakuta akina nyanya wamekaa nje ya kanisa, mbuzi wamefungwa uani. Mwenzangu alisimama, akanigeukia. Alisema, bila kunitazama machoni, "Waambie umeamua mwenyewe kuacha kazi, kwa sababu za kifamilia."

Nikawaambia. Niliyageuza maneno yale kwa lugha ya mama yangu, moja baada ya jingine. Mwenyekiti wao, bibi aliyezika wanawe wote, aliniuliza kama nimechoka nao. Mwenzangu akataka kujua amesema nini. Nikamjibu kwamba ananitakia safari njema. Waliniombea dua ndefu, wakanipa jogoo. Njiani mwenzangu alinishukuru, akasema hakutegemea ingekuwa rahisi namna ile. Jogoo alikuwa mapajani mwangu, moyo wake ukidunda chini ya kiganja changu.

Barua nilipewa. Ilisema kwamba mimi ni mtu mwema anayelemewa na majukumu ya nyumbani, na hakuna shirika lililoniita baada ya kuisoma. Nikaanza kuuza mitumba Migori, mwanangu nikamchukua. Huanguka hata sokoni, na wenzangu wa meza za jirani wameshajua kumlaza ubavu.

Kisha siku moja mwenzangu alipiga simu kutoka Kegonga. Akina nyanya hawaji mikutanoni, mbuzi wengine wamekufa, mkurugenzi anataka maelezo. Aliniita dada. Aliomba niongee nao, akaweka simu kwa sauti kubwa. Nikamsikia yule bibi akiuliza kwa nini niliwatupa.

Nikamweleza. Nilieleza kila kitu kwa Kikuria, polepole, wote wasikie: chumba tulicholala pamoja, mwanangu, makofi, maneno niliyoyatafsiri nje ya kanisa. Niliwawazia wamekaa wakimtazama, naye amewanyooshea simu.

Nilipomaliza, aliirudisha sikioni.

"Asante sana, dada," alisema. "Naona wamekusikiliza vizuri."

"Karibu," nilimjibu, nikakata simu. Mteja alikuwa amesimama akipimapima koti la mtoto, akalalamika kwamba nimemkawiza.