Mkwe wa Upande wa Pili wa Neti

Enesi alipoolewa Igamba mwaka 1993, jambo la kwanza aliloelekezwa ni namna ya kumkwepa baba mkwe. Ukoo wa mumewe ulishika mwiko wa zamani: mkwe wa kike hatazamani na baba wa mumewe wala hasemi naye, na wakikutana njiani, mmoja huchepukia vichakani. Enesi alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi. Aliona ajabu, lakini alitii. Mumewe, Tuntufye, aliendesha malori ya kutoka Tunduma kwenda Kongo, nyumbani alikuwa kama mgeni. Basi Enesi akabaki ua mmoja na mzee aliyemjua kwa kikohozi tu.

Mzee Andongwisye alikuwa karani wa shamba la kahawa mpaka lilipofungwa. Wenye shamba waliacha uwanja wa tenisi wa udongo wa kichuguu, naye hakuuacha ufe. Alifyeka majani, akachora mistari kwa majivu, akafunga wavu wa kuvulia uliotoka Ziwa Rukwa. Kila jioni alicheza na Josephat, mganga wa zahanati. Josephat alipohamishiwa Ivuna, mzee akawa anaugonga mpira kwenye ukuta wa ghala, peke yake, hadi giza linaingia.

"Ule ukuta utamchosha," mama mkwe, Anyitike, alimwambia Enesi. "Wewe si ulicheza netiboli chuoni? Nenda ukamrudishie mpira."

"Mama! Na mwiko je?"

"Katikati kuna neti. Mimi nitakaa kwenye gogo. Maneno yote yatapita kwangu."

Siku ya kwanza Enesi aliinamisha macho, na mipira ikampita kama nyuki. Mwishowe mzee akaupiga mmoja ukanasa kwenye neti.

"Mwambie ana kumi na tano," mzee akasema, uso ameuelekeza kwenye mibuni.

"Una kumi na tano," Anyitike akafikisha.

"Mama, si nimepata moja tu?"

"Baba Tuntufye, anasema kapata moja tu."

"Moja ndiyo kumi na tano. Ya pili ni thelathini, ya tatu arobaini. Akipata ya nne, gemu ni yake. Gemu sita ni seti."

Enesi akasahau adabu, akacheka. "Kumi na tano, thelathini, halafu arobaini? Tano nyingine zimekwenda wapi?"

Mzee akakohoa kwa muda. "Mwambie na mimi nilimuuliza hivyo mzungu aliyenifundisha. Akaniambia nianzishe mpira."

Masika yakapita, uwanja ukakauka, na Enesi akaanza kuinua macho, kwani mpira hauonwi na aliyeinama. Jioni moja, kwa mara ya kwanza, alimfikia mzee arobaini kwa arobaini. Wakati huohuo mbuzi wakaingia kwenye maharage, Anyitike akaondoka mbio na fimbo. Enesi akaupiga mpira kwenye kona, mzee asiuguse. Gemu yangu, akajisemea moyoni, akaenda kwenye gogo kunywa maji.

Mzee akasimama palepale. Alimtazama mkewe, aliyekuwa mbali akifoka. Akatazama mibuni. Mibuni haikufikisha ujumbe.

"Bado, mwanangu," akasema.

Kikombe kikabaki mdomoni mwa Enesi. Akajiuliza kama aingie vichakani.

"Arobaini kwa arobaini ni dyusi," mzee akaendelea taratibu. "Hapo moja haitoshi. Hiyo uliyopata inaitwa adivanteji. Ukipata na inayofuata, gemu ni yako. Nikiipata mimi, tunarudi dyusi."

"Hata mara kumi, baba?"

"Hata hadi kesho. Mpaka mmoja amwache mwenziwe kwa mbili."

Wakarudi uwanjani. Dyusi, adivanteji, dyusi tena. Sasa kila mmoja akawa anamtajia mwenziwe hesabu kwa sauti. Anyitike aliporudi akihema, alisimama kando ya mstari na fimbo yake mkononi.

"Kumbe mimi nimeachishwa kazi," akasema, akaketi.

Habari kwamba mwiko umevunjwa zikamfikia dada wa mzee, akaja kutoka Vwawa kugomba. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu, "Dada, nimezeeka. Nataka mtu wa kubishana naye." Dada akala, akalala, akaondoka asubuhi bila kulirudia neno hilo.

Mwaka wa pili wa ndoa, Enesi aliongoza gemu sita kwa tano. Hakukimbilia maji, alijua seti nayo hutaka tofauti ya mbili. Akacheza gemu nyingine akaipata: saba kwa tano, seti yake ya kwanza. Mzee akaja mpaka kwenye neti, jasho likimtiririka, akanyoosha mkono. Kusema alishazoea, lakini kugusana kulikuwa jambo jingine. Enesi akaweka raketi chini, akapiga goti kidogo, akaupokea mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa mgumu, wenye joto.

"Sasa anzisha wewe," mzee akasema. "Jua bado lipo."