Yadi Mbili na Ufunguo wa Pili

Jambo zima lilitugharimu shilingi elfu sabini na mia tano. Elfu sitini zilikuwa za mfumo wa kutunza hesabu ya magari, elfu nane za kumlipa mwenye bucha wa Embu siku yake iliyopotea, na elfu mbili na mia tano za nyama aliyokula akisubiri. Nimejumlisha mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natumaini nimekosea.

Nina yadi ya magari Meru, upande wa kwenda Kaaga. Dada yangu mkubwa ana yake Embu mjini. Biashara ni moja, nusu yangu na nusu yake, na mteja wa Embu anaweza kununua gari lililo kwangu kwa kuona picha. Mwaka jana tuliuza gari dogo jeupe mara mbili asubuhi moja, mimi huku, yeye kule. Mteja mmoja tukamrudishia pesa zake. Matusi yake tukabaki nayo. Dada hakupiga kelele. Alisema tu, "Tukimwambia mteja mwingine gari iko na haiko, natoa nusu yangu." Nusu yake ikitoka, mimi nabaki na geti na mlinzi.

Ndipo tukaanza kutafuta mfumo. Wa kwanza alikuja na traka, kidude cha kufungwa ndani ya kila gari ili ulione kwenye simu popote lilipo. Nilimuuliza bei, kisha nikamnunulia chai kwa kumhurumia, maana alikuwa ametoka mbali bure. Wa pili alikuwa mama mmoja wa Nairobi. Mfumo wake haukuwa na kidude. Gari likiwepo ni kijani, mteja akilipa pesa za kulishika linageuka manjano, likiuzwa ni jekundu, na rangi inabadilika Meru na Embu kwa wakati mmoja.

"Chukua ule wa traka," dada aliniambia kwa simu. "Unaonyesha gari iko wapi."

"Gari iko hapa mbele yangu. Nilipe mtu aniambie?"

Yule mama alianzia elfu tisini na tano kwa mwaka. "Na unaweza kuweka hata magari mia tano, bosi."

"Mimi niko na ishirini na tatu. Hayo mengine mia nne sabini na saba ni ya nani ndio nimlipie?"

"Si biashara itakua?"

"Ikikua nitakuita. Sasa nipe bei ya mtu hajakua."

Tulifika sitini jua likiwa limehamia upande wa pili wa meza. Akifungua kompyuta aingize magari, akaniuliza kama gari linaweza kutoka yadi bila kuuzwa. Nikamweleza ukweli. Zaidi ya nusu ya magari yangu si yangu. Mtu analeta gari lake, tunamuuzia, tunakata chetu. Anatuachia ufunguo mmoja. Wa pili anatembea nao mfukoni. Jumamosi kukiwa na mazishi au mahari ya kupelekwa, anakuja, anamsalimia mlinzi, anaenda na gari lake. Ukimkatalia anavuka barabara, na ng'ambo kuna yadi nyingine inayojua kutabasamu.

"Sasa hiyo niiwekee rangi gani?" akauliza.

"Rangi ya matanga."

Alicheka mpaka akapangusa macho. Mimi sikuwa nimefanya mzaha, lakini nilikuwa nimeshapata bei yangu, nikamwacha acheke.

Wiki tatu mambo yalienda vizuri mpaka nikaanza kujisifu. Jumanne moja simu ikalia, pikapu ya bluu ikageuka manjano: mwenye bucha fulani wa Embu alikuwa ameilipia kwa dada na tayari yuko njiani na fundi wake. Nikainua macho niitazame. Palikuwa na alama ya mafuta chini na kuku mmoja.

Mwenye pikapu ni mkulima wa Kibirichia. Nikampigia.

"Niko shambani, napakia waru," akasema. "Mnunuzi wa viazi hangoji."

"Mzee, hiyo gari imeshikwa!"

"Ishikwe tu. Nikimaliza naleta."

Mwenye bucha alifika saa sita. Nikampeleka kula nyama, jambo ambalo simshauri mtu. Aliugeuza kila mfupa akauliza ng'ombe huyu alikufa kwa ugonjwa gani. Dada akawa anapiga simu. "Iko wapi?" "Iko njiani." "Njia gani?" Hapo mtandao ukawa mbaya, kwa upande wangu.

Saa kumi pikapu ikaingia getini imejaa matope mpaka madirishani, magunia ya viazi yamepita juu ya kichwa cha dereva. Mkulima alikuwa njiani kwenda sokoni, akaona apitie. Fundi hata hakufungua boneti. Alizunguka mara moja akamwambia mwenye bucha, "Hii chukua." Mwenye bucha akatoa simu amalizie malipo.

Mkulima naye alikuwa ameishika pikapu ubavuni kama mtu anayempapasa ng'ombe.

"Nilidhani imechoka," akasema. "Lakini mlima wote ule, na mzigo huu, haijakohoa. Wacha nikae nayo msimu huu."

"Mzee, ulisema unauza!"

"Nilisema kabla ya leo."

Kitabu cha umiliki kilikuwa nyumbani kwake. Hakukuwa na la kubishana.

Jioni dada akapiga. "Mfumo haukukosea," alisema. "Umeniambia iko kwa sababu wewe ulisema iko. Mwisho wa mwezi, funguo zote mbili za kila gari ziwe kwako, ama nitoe pesa zangu."

Nimewazungukia wenye magari kumi na wanne. Wanne wamekubali. Mmoja ameomba muda aulize mkewe. Waliobaki wameniangalia kama mtu anayewaomba kitanda chao, na wawili tayari wameshavuka barabara.

Siku zinaenda. Wewe unayeendesha yadi ya magari ya watu, popote ulipo, niambie: ufunguo wa pili unautoaje kwa mwenye gari, na gari libaki?