Nyumba Yetu ya Ziwani Imepata Mnunuzi, na Upenuni Kuna Mwanangu

Habari zenu wapendwa. Wewe mwenye ukurasa, jina langu libaki kwako, maana huku kwetu tunajuana mpaka mbuzi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mjane, Mmatengo wa upande wa Kitura niliyeolewa ziwani, kijiji kimoja karibu na Lituhi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika mnisamehe.

Niliolewa miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda Mbinga na magari yao. Mume wangu alikuwa anapeleka usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, kwetu milimani, anarudi na mahindi. Kiwanja cha ufukweni wakati huo hakikuuzwa, kiliombwa. Alikwenda kwa mzee wa kitongoji na jogoo mkononi, akaonyeshwa: kuanzia jiwe lile mpaka majini, kajenge. Ndugu zangu walimcheka, wakasema mchanga hauoti kahawa, huyo mkwe wetu kapewa nini? Tukajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na bati likatoka kwenye usipa.

Humo ndimo nilimojifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike. Alikufa kitovu hakijadondoka. Kwa wakwe zangu mtoto wa hivyo hazikwi na wanaume, na mama yake haruhusiwi kulia. Baba yake alipelekwa kukaa kwa jirani. Mama mkwe na wanawake wenzake walimlaza kwenye chungu, wakamzika upenuni, usawa wa dirisha la chumba changu, pale maji ya bati yanapodondokea, ili awe anapoa. Wakasawazisha udongo, hakuna tuta, hakuna msalaba. Kisha mama mkwe akanishika kidevu akaniambia, "Mwanangu, hili ni la matumbo yetu sisi wanawake. Mwanaume asijue mahali. Ukilitoa nje unamfungia tumbo atakayezaa baada yako kwenye nyumba hii."

Nilinyamaza. Mume wangu amekufa bila kujua binti yake amelala wapi. Wale wanawake nao wamekwisha wote, nimebaki mimi. Pale mahali sijawahi kuweka hata ndoo. Nikifagia, napazunguka. Mwanangu wa kiume, nimwite Kosmas, aliwahi kuniletea mfereji wa bati tuvune maji ya mvua, nikakataa. Akasema mama sasa unazeeka vibaya. Ningemwambia nini? Kwamba dada yake anahitaji yale maji?

Sasa barabara imekuja nzuri, na wenye fedha zao wanashuka kutafuta ufukwe. Waliomcheka mume wangu, watoto wao ndio wanaulizia viwanja. Dalali wetu anasema kahawa ikipata bei kule Mbinga, huku mchanga unapanda kabla hata magunia hayajafika sokoni. Alikuja na mnunuzi anayetaka kujenga hoteli. Nikawakaribisha, nikataka kuwaonyesha vyumba, dalali akacheka: "Mama, hapa siuzi nyumba, nauza maji. Hiyo nyumba itabomolewa kabla chai yako haijapoa."

Mnunuzi ni mtu wa adabu. Alinipa shikamoo, kisha akauliza, "Hapa kuna kaburi lolote?" Kosmas akawahi, "Hakuna, mzee wangu. Baba na babu wako makaburi ya kanisa." Hakudanganya, mwanangu. Hajui. Dalali akadakia, "Vizuri, maana kiwanja chenye kaburi ni samaki wa jana, kila mtu anapita tu." Mimi nikawaongezea chai.

Kosmas hauzi kwa tamaa. Mke wake ni mjamzito, na mimba zilizotangulia zilitoka njiani, hospitali ikiwa mbali. Anataka tuhamie Mbinga mjini, amepata nyumba jirani na hospitali, na mwenye nyumba amemwambia asichelewe, kwa kuwa bei za mjini nazo hazimsubiri mtu. Chumba cha jua la asubuhi ameniwekea mimi.

Siku ya kupima kiwanja, Kosmas akaja upenuni na nyundo na kigingi cha kuonyesha msingi wa hoteli utakapopita. Akakilenga palepale. Nikapiga kelele, "Usipige hapo!"

"Mama, hapo kuna nini?"

Nikasema, "Maji yanadondoka hapo."

Dalali akashika mbavu. "Bibi, ziwa lote lile, unaogopa matone ya bati?"

Wakacheka, akapiga. Nilikisikia kikiingia. Baadaye nikaking'oa, Kosmas akakirudisha, akaniangalia kwa uchungu, akasema, "Mama, unaipenda nyumba kuliko mjukuu wako."

Wiki ijayo tunakwenda ofisi ya kijiji kuweka sahihi. Nikinyamaza, vibarua watamfukua mwanangu kwa sululu na kumtupa na kifusi. Nikisema, na yale maneno ya mama mkwe yakawa kweli, tumbo litakalofungwa ni la mkwe wangu, ambaye ananiita mama na kunipaka mafuta miguuni. Nimefikiri kumhamisha mwenyewe, lakini haitakiwi mikono ya mzazi, na mwanamke mwingine wa nyumba hii ni huyohuyo mjamzito. Nimefikiri kwenda kwa Padri. Padri naye ni mwanaume.

Jana mvua ilinyesha. Nilikaa kitandani nikisikiliza. Miaka yote yale matone yalikuwa yakiangukia udongo, hayana sauti. Sasa yanaangukia kichwa cha kigingi: ko, ko, ko. Kama mtu mdogo anayegonga afunguliwe.

Wanawake wenzangu, hasa mliowahi kuzikiwa mtoto upenuni, semeni na mimi. Nimfungulie, au ninyamaze?