Soya Iliyoanikwa Juani

Mwaka 1975 kikundi cha ujamaa cha Chanika kilimkabidhi Mzee Nikodemu kuku themanini wa mayai, naye akajiona mtu tena. Zamani alikuwa seremala Keko, hadi msumeno wa mashine ulipomchukulia vidole vitatu vya mkono wa kulia. Jembe lilimshinda. Kwa miezi minane alishinda kibarazani huku mkewe Yustina akirudi na mgawo wa chakula kutoka shamba la pamoja, na kila tonge alilila kwa haya. Kuku walihitaji mtu mwangalifu tu, na kwa hilo hakuwa na mpinzani.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka dagaa wa kuchanganya kwenye pumba walipoadimika. Bwana mifugo, kijana wa Bukoba aitwaye Adelard, akaleta magunia mawili ya soya.

"Shikamoo, mzee. Hii itashika nafasi ya dagaa. Lakini ikiwa mbichi ina sumu. Itoe kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Kutoa sumu unanifundisha mie, mtu wa Newala?"

Adelard akacheka, akapanda baiskeli, akaenda zake. Hakusema sumu hiyo hutolewaje, na mzee hakuuliza. Kwao Newala muhogo mchungu humenywa, ukaanikwa hadi ukawa makopa makavu, na watu wakala ugali wake bila kudhurika. Basi Nikodemu akaitandaza soya mkekani siku sita nzima, akiigeuza asubuhi na adhuhuri. Yustina ndiye aliyeitwanga.

"Ungeikaanga basi. Inanuka ubichi," alimwambia.

"Kuku ana pua ya kuchagua? Wewe twanga, mama Sesilia."

Mwezi wa kwanza mayai yalishuka kutoka hamsini kwa siku hadi ishirini. Wa pili, yakawa manane. Kuku walikula kwa pupa na kuzidi kukonda, wengine wakafa. Jabiri, mwenyekiti wa kikundi, akaja bandani.

"Mzee wangu, Jumamosi tuna mkutano. Wanachama wanasema tunafuga manyoya."

Nikodemu alimbeba kuku aliyekufa asubuhi hiyo, akampelekea Adelard. Kijana alimpasua, akamwonyesha kongosho lililovimba kupita kiasi.

"Soya uliikaanga?"

"Niliianika. Siku sita."

Adelard aliweka kisu chini.

"Sikiliza, baba. Ziwani kuna mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inajitengenezea protini. Vidudu huila, dagaa hula vidudu, kuku hula dagaa. Lakini hakuna anayeweza kuitumia protini ya mwenzake kama ilivyo. Tumboni mna vimeng'enya vinavyoikatakata, kama nyie Keko mlivyovunja kabati kuukuu mpate mbao. Kisha ndani ya mwili vimeng'enya vingine huviunga vipande hivyo upya: hapa nyama, hapa unyoya, hapa yai."

"Na soya?"

"Soya mbichi ina kitu kinachoikamata ile misumeno ya tumboni, vile vimeng'enya, isikate. Kongosho, linaloitengeneza, linahangaika kutoa mingine na mingine mpaka linavimba. Chakula kinapita tu. Moto ndio unaokiharibu kitu hicho. Jua haliwezi."

"Kwa hiyo walikuwa wanashiba na kufa njaa."

"Ndiyo. Na kosa ni langu pia. Sikukueleza."

"Utalisema hilo Jumamosi?"

"Nitalisema."

Akalisema kweli, amesimama mbele ya wote, bila kujificha. Lakini kuku walikuwa wamebaki thelathini na mmoja, mifupa mitupu, na mwaka ule kila nyumba ilikuwa na njaa yake. Nikodemu aliomba apewe mwezi mmoja awalishe soya iliyokaangwa. Mikono ikahesabiwa: wachinjwe, kila kaya ipate kitoweo.

Kisha Jabiri, kwa sauti ya upole aliyoizoea misibani, akasoma orodha ya wasiojiweza, wale watakaopewa mgawo bila kudaiwa kazi. Alikuwamo bibi mmoja kipofu. Alikuwamo Gaspar, mgonjwa wa kifua. Wa tatu alikuwa Nikodemu.

"Mzee wetu apumzike sasa," alisema. "Amefanya kazi ya kutosha."

Watu wakampigia makofi ya heshima. Yustina aliinamisha uso. Nikodemu naye akapiga makofi, polepole, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama.