Mlinzi wa Mikwaju ya Mtoni

Emiliana hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu. Kijiji kilipomkabidhi kingo za mto wa mchanga, usiopitisha maji ila mvua zikinyesha, huku ng'ambo ya Zuzu, alizizungushia uzio wa miiba, akapanda mikwaju na kuimwagilia kwa maji ya kubeba kichwani. Mbuzi akichungulia tu, mwenye mbuzi alijuta kuzaliwa.

Wafugaji walinuna, maana pale palikuwa malisho yao. Mwisho wakakubaliana mbele ya mwenyekiti Yotham: mvua zikiisha, Naima, mtaalamu wa wadudu kutoka Kondoa, aje akague. Akikuta vipepeo wa mikwaju wamerudi, basi mto unapona na uzio ubaki. Wasipoonekana, ng'ombe waingie. Emiliana hakuwa na wasiwasi. Miti ilikuwa imeshika, na kisima cha mchangani kilikuwa bado na maji.

Siku ilipofika, Naima alizunguka juani mpaka viatu vikajaa mchanga. Nyasi zipo, ndege wapo, kipepeo hakuna. Wafugaji wakaanza kutazamana kwa tabasamu.

"Mama, mbona miti hii haina hata jani lililotobolewa?" Naima akamuuliza Emiliana.

"Litobolewe na mimi nipo, mwanangu?" Emiliana akamfunulia kopo kwa majivuno. Walijaa viwavi wa kijani wenye pembe kichwani. Kila asubuhi aliwabandua mmoja mmoja, akawapelekea kuku.

Naima alitazama ndani, akakaa chini palepale.

"Mama, hawa ndio vipepeo."

"Hawa ni wadudu waharibifu."

"Wakikua wanaota mabawa. Ndio ninaowatafuta."

Emiliana akapigwa na butwaa. Kiwavi wa mahindi hugeuka nondo, hilo alilijua, lakini haya mapembe? Kopo likamponyoka. Masika yote alikuwa akiwaua mashahidi wake mwenyewe, tena akiimba.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Yotham taratibu.

Wafugaji wakataka ng'ombe waingie siku ileile. Naima akakataa: kopo zima la viwavi maana yake vipepeo walikuja kutaga, basi mto unapona. Walibishana mpaka jua likaelekea kuzama, ndipo Yotham akaamua.

"Uzio ubaki hadi mvua ijayo. Ng'ombe asiingie, mbuzi asiingie." Akamgeukia Emiliana, sauti ikashuka. "Na wewe, dada, toka nje tufunge."

Emiliana akatoka, mdomo wazi, na wafugaji wakavuta miiba nyuma yake.